Breki Nilizozijenga Kinyumenyume

Mizunguko mitano ya kwanza kwenye uwanja wa mbio gari lilisimama kila nilipotaka lisimame. Katika mzunguko wa sita, mwishoni mwa sehemu iliyonyooka kwa urefu kuliko zote, nikiwa kwenye mwendo wa kilomita 180 kwa saa, nilikanyaga breki kwenye kibao kilekile cha mita 100 nilichokuwa nikikitumia tangu asubuhi, na pedali ikazama kama mguu unaoingia kwenye tope. Nilipampu mara mbili harakaharaka. Mara ya tatu ikashika kidogo, nikashusha gia mbili, lakini kona ilikuwa imeshanifikia. Gari lilipita moja kwa moja, likaingia kwenye kokoto na kuzama hadi nusu ya rimu. Hakuna aliyeumia, na gari halikupata zaidi ya mikwaruzo chini ya bampa, lakini miguu yangu iliendelea kutetemeka hata baada ya gari kuvutwa hadi kwenye maegesho.

Nusu saa baadaye nilikaa tena kwenye kiti na kukanyaga pedali. Ilikuwa ngumu, imesimama juu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Dalili hiyo peke yake ingetosha kuniambia ugonjwa ni upi, lakini sikuielewa. Niliondoka pale nikiwa nimeshaamua kwamba breki za gari langu ni ndogo na kwamba dawa yake ni breki kubwa, na uamuzi huo ndio ulionifanya niijenge kazi nzima kinyumenyume, nikianza na vile vinavyoonekana kupitia matundu ya rimu na kumalizia na kile kilichomo ndani ya mabomba.

Gari lenyewe ni la michezo, la viti viwili, injini iko mbele na nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Likiwa na dereva na petroli ya kutosha lina uzito wa takribani kilo 1,300. Kwa sehemu kubwa ya mwaka linatembea barabarani kama gari jingine lolote, likisimama kwenye taa na kusubiri kwenye foleni, na siku chache linakwenda uwanjani kukimbia. Nilitaka breki moja inayofaa pande zote mbili bila mimi kubadilisha chochote. Tamaa hiyo nayo ilinigharimu muda.

Nilinunua kalipa za pistoni nne, yaani vibanio vinavyosukuma pedi kwenye diski, na diski zenye kipenyo cha milimita 320 za kuwekwa badala ya zile za milimita 280 zilizotoka kiwandani, ambazo zilikuwa zikibanwa na kalipa ya kuteleza yenye pistoni moja. Kabla ya kununua nilikuwa na busara moja tu, nayo ni kukata kadibodi kwa umbo na vipimo vya kalipa mpya na kuijaribu ndani ya rimu, maana kipenyo cha rimu hakikuambii chochote kuhusu umbo la mikono yake kwa ndani. Kadibodi ilipita upande wa juu, lakini kwenye mikono ya rimu ilibaki nafasi ya milimita mbili, nikalazimika kuweka spesa nyembamba na kubadilisha stadi za magurudumu kwa ndefu zaidi ili nati zipate nyuzi za kutosha za kushikia.

Kazi ya kufunga niliifanya mwenyewe kwa siku mbili. Siku tatu zilizofuata nilizitumia kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani ya mafuta ya breki. Rafiki yangu alikaa ndani akikanyaga, mimi nikilala chini na kachupa na mpira mwembamba unaoonyesha, tukiitikiana kama watu wanaotwanga kinu kimoja: kanyaga, shikilia, nafungua, nafunga, achia. Tulipitisha chupa nne za mafuta ya breki. Hakuna kiputo kilichotoka tena, lakini pedali ilibaki laini, ikishuka karibu nusu ya safari yake kabla ya kushika chochote. Nilibadilisha zamu ya magurudumu katika kutoa upepo, nikabadilisha hozi, nikaanza hata kuishuku masta silinda, ile inayosukuma mafuta pedali ikikanyagwa. Mwishowe nikamwita fundi mmoja mzee aliyewahi kuhudumia magari ya mbio kwa miaka mingi. Alichuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto, akatazama kwa muda mfupi, kisha akatabasamu.

“Kijana, upepo hupanda au hushuka?”

“Hupanda, Mzee.”

“Sasa mbona mlango wake umeuweka chini?”

Nilikuwa nimefunga kalipa ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Kalipa ikibadilishwa upande hupinduka, na kwa kuwa zangu zilikuwa na skrubu ya kutolea upepo upande mmoja tu, skrubu ile ilikuwa imeelekea chini, mafuta yakitoka vizuri kabisa huku donge la upepo likiwa limestarehe juu ya pistoni. Mzee akanionyesha pia mshale mdogo uliochorwa kwenye chuma, unaofuata mwelekeo wa diski inavyozunguka, na akanieleza kwa nini upo. Pistoni za upande mmoja hazilingani. Ile ndogo hukaa pale diski inapoingia kwenye pedi na ile kubwa pale inapotokea, kwa sababu pedi huelekea kulika zaidi kwenye ukingo wa kuingilia, na tofauti hiyo ya pistoni hufanya ilike sawasawa. Kwa hiyo hata kama upepo ungetoka, ningekuwa nimeongeza tatizo ambalo kalipa ile ilibuniwa kulipunguza. Tulizibadilisha kwa saa moja na nusu, tukatoa upepo mara moja, pedali ikasimama juu. Sikuwahi kumwambia rafiki yangu kwamba mshale ulikuwepo muda wote.

Nililichukua gari hadi mahali pa wazi palipotengwa kwa majaribio, nikiwa na tepu ya kupimia, nikaanza kusimamisha kutoka kilomita 100 kwa saa. Nilikuwa nimefanya jaribio hilohilo kabla ya kuvua breki za zamani, kwa matairi yaleyale. Gari lenye breki kubwa lilihitaji umbali mrefu zaidi kusimama, si kwa kiasi kikubwa, lakini kila mara, na mfumo wa ABS, ule unaozuia magurudumu yasijifunge, ulianza kudunda mapema kwenye magurudumu ya mbele huku nyuma ya gari ikiwa kama haishiriki kabisa. Niliona aibu kuyaandika matokeo yale kwenye daftari.

Jibu lilikuwa la hesabu, na ningeweza kulipata kabla ya kufungua pochi. Pistoni moja ya kalipa ya zamani ilikuwa na kipenyo cha milimita 54, yaani eneo la karibu sentimita za mraba 23. Kalipa mpya ilikuwa na pistoni za milimita 38 na 44 kila upande, na kwa kalipa isiyoteleza unahesabu upande mmoja tu, jumla karibu sentimita za mraba 26.5. Hilo ni ongezeko la asilimia 16. Ukiongeza kwamba diski kubwa inabanwa mbali zaidi na kitovu, hivyo kuongeza nguvu ya kuzuia mzunguko wa gurudumu kwa takribani asilimia 15, breki za mbele zilikuwa zimepata nguvu kwa thuluthi nzima kwa shinikizo lilelile, na za nyuma hazijapata hata chembe. Matairi ya mbele yalifikia kikomo chake mapema, ABS ikaingilia, na matairi ya nyuma yakabaki na uwezo ambao haukutumika. Pedali nayo ilishuka zaidi kuliko zamani hata bila upepo, maana pistoni zenye eneo kubwa hudai mafuta mengi zaidi kutoka masta silinda ileile.

Ni tairi linalosimamisha gari. Kama breki za kiwandani zina uwezo wa kufunga magurudumu, au kuamsha ABS, kwenye mwendo unaouhitaji, basi kwa kusimama mara moja hakuna diski wala kalipa itakayofupisha umbali; kitakachoufupisha ni tairi bora na mgawanyo sahihi kati ya mbele na nyuma. Nilibadilishana kalipa zangu na za aina ileile zenye pistoni za milimita 36 na 40, ambazo eneo lake linakaribiana sana na la pistoni ya zamani, na nyuma nikaweka pedi zenye mshiko mkubwa kidogo kuliko zilizokuwepo. Vipimo vilirudi pale vilipokuwa kabla sijaanza, na kwa matairi mapya vikawa bora. Mtu aliyeniuliza nimepata nini kwa gharama yote ile wakati huo sikuwa na la kumjibu, na nadhani alikuwa na haki ya kucheka.

Nilirudi uwanjani nikiwa na imani. Katika mzunguko wa nane pedali ikazama tena.

Safari hii nilikuwa nimeacha nafasi ya akiba, nikalizungusha gari taratibu hadi kwenye maegesho, na nilipokuwa nikisubiri lipoe nilikumbuka pedali iliyorudi yenyewe siku ya kokoto. Kuna namna mbili za breki kuishiwa kwa joto, na kila dereva wa uwanjani anapaswa kuzitofautisha kwa mguu wake. Pedi ikizidiwa na joto, pedali hubaki ngumu na juu, unaikanyaga kwa nguvu zote na gari halitii. Mafuta yakichemka, pedali huzama, kwa sababu mvuke ndani ya bomba hubanika na mafuta hayabaniki. Vikipoa, mvuke hurudi kuwa kimiminika na pedali hurejea kana kwamba haijawahi kukuangusha. Yangu ilikuwa ya pili mara zote mbili. Nilikuwa nimebadilisha kila kitu isipokuwa kilichoshindwa. Mbaya zaidi, katika zile siku tatu za kutoa upepo, chupa ya mwisho niliyomimina ilikuwa imefunguliwa zaidi ya mwaka mmoja kabla, ikakaa rafuni na kifuniko ambacho hakikukazwa vizuri.

Mafuta ya breki ya kawaida, yaani DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, huvuta unyevu kutoka hewani, na unyevu ukiingia kiwango cha kuchemka huporomoka. Viwango vyenyewe viko wazi: DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 230, lakini yakishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 155. Kwa DOT 5.1 ni 260 na 180. Yapo mafuta ya mbio yanayopita nyuzijoto 300 yakiwa mapya, na hayo ndiyo niliyoweka, nikiyamimina kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa palepale. Kwa gari la barabarani pekee, kubadilisha kila baada ya miaka miwili kunatosha. Kwa gari linalokwenda uwanjani mimi hubadilisha kabla ya msimu na hutoa mafuta kidogo kwenye kalipa kabla ya kila siku ya kukimbia, kwa sababu ni yale yaliyo nyuma ya pistoni yanayopikwa. DOT 5 ni kitu kingine kabisa, ni ya silikoni, haichanganywi na hizo nyingine wala haifai kwenye gari lenye ABS, na namba yake imewapoteza watu wengi wanaodhani 5 ni kaka mdogo wa 5.1. Na yeyote anayemimina mafuta haya awe na maji na kitambaa karibu, kwani tone moja likiachwa kwenye bodi linakula rangi. Juu ya fenda yangu ya kushoto kuna doa lenye umbo la sarafu linaloshuhudia.

Baada ya hapo mafuta hayakuchemka tena. Ilichukua chupa mbili na jioni moja. Kama ningeanzia pale, pamoja na pedi zinazofaa, ningekimbia msimu mzima kwa kalipa za kiwandani, na hadi leo ndivyo ninavyomshauri yeyote anayeanza.

Hata hivyo nilielewa sasa kwamba zile diski kubwa hazikuwa bure, ila nilikuwa nimezinunua kwa sababu isiyo yake. Nilikaa na kalamu. Gari la kilo 1,300 likipunguza mwendo kutoka kilomita 180 hadi 72 kwa saa hulazimika kutupa nishati ya takribani kilojuli 1,365, wakati kusimama kabisa kutoka kilomita 80, jambo ambalo barabarani tunaliona kuwa ni breki ya nguvu, hutupa karibu kilojuli 320. Kona moja ya uwanjani ni zaidi ya mara nne ya hiyo, na kona nyingine inakuja kabla diski haijapoa. Tuseme kila diski ya mbele inabeba asilimia 35 ya mzigo huo: diski ya kilo 6 itapanda kwa takribani nyuzijoto 170 kwa breki moja, na ya kilo 9 itapanda kwa karibu 115. Breki kubwa ni ghala kubwa la joto. Haikusimamishi mapema zaidi mara ya kwanza; inakusimamisha vilevile mara ya thelathini. Mwaka 1953 Jaguar ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans kwa magari ya C-Type yenye breki za diski, wakati wapinzani wengi walikuwa bado na breki za ngoma, na faida yao ilikuwa hiyohiyo: ngoma hulifungia joto ndani, diski iko wazi hewani, na dereva aliweza kuchelewa kukanyaga mzunguko baada ya mzunguko bila kuwaza kama pedali itakuwepo.

Suala la pedi ndilo lililovunja ndoto yangu ya breki moja kwa kazi zote. Nilikuwa nimeweka pedi za mbio na kuziacha humo, nikajiambia kwamba kelele na vumbi jeusi kwenye rimu ni vitu vya kuvumilia. Asubuhi moja ya mvua, dakika chache baada ya kuliwasha gari, lori lililokuwa mbele yangu lilisimama ghafla karibu na makutano. Nilikanyaga, pedali ikawa ngumu, na gari likaendelea kwenda. Sikusikia mlio wa tairi wala mtetemo wa ABS, ni sauti ya msuguano mkavu tu, kama jiwe la kunolea kisu, na matairi ya lori yakizidi kukua kwenye kioo. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili. Nilisimama nikiwa karibu kiasi kwamba sikuliona tena bampa lake la nyuma.

Pedi ile haikuwa mbovu. Ilitengenezwa kushika kwenye joto ambalo barabara haiwezi kulifikia, na baadhi ya pedi za aina hiyo huwa hazijaamka hadi zipite nyuzijoto 200, wakati pedi nzuri ya barabarani hushika tangu asubuhi ikiwa baridi na huanza kuchoka mahali fulani karibu na 350 au 400. Zipo za katikati, na nimezijaribu tatu. Zinatosha kwa mtu anayekimbia mizunguko minne kisha anapumzika, na kwa matumizi hayo sina neno baya dhidi yake. Kwa kasi ninayokwenda sasa, zote zilikuwa za wastani pande zote mbili. Kwa hiyo nina seti mbili, na usiku wa kuamkia siku ya uwanja natoa pini mbili kwenye kila kalipa ya mbele, nachomoa pedi za barabara kwa juu bila kufungua kalipa, naingiza za mbio. Dakika 20 kila upande, nikiwa sina haraka. Huo urahisi wa kubadilisha pedi nauhesabu sasa kuwa faida ya pili ya kalipa zangu, baada ya uzito wa diski.

Kubadilisha huko kulileta somo jingine. Baada ya miezi michache usukani ulianza kutetemeka nilipokanyaga breki kwenye mwendo mkubwa, na nikasema, kama wasemavyo wote, kwamba diski zimepinda. Fundi mzee alileta geji ya saa, akaifunga kwa sumaku, akazungusha diski kwa mkono. Sindano ilicheza chini ya milimita 0.05, yaani haikuwa imepinda. Kilichokuwepo ni madoa, mabaki ya pedi yaliyogandamana kwenye uso wa diski bila usawa, unene unaotofautiana kwa sehemu za mia za milimita tu, lakini mguu na usukani huzihisi. Pedi ikiwa kazini huacha utando mwembamba wa malighafi yake juu ya diski na kushika juu ya utando huo. Ukiweka pedi za aina nyingine juu ya utando wa zile za kwanza bila kuusafisha, au ukisimama na kushikilia pedali wakati kila kitu kinawaka moto, unapata mihuri badala ya utando.

Tangu hapo kila seti ya pedi ina diski zake, nimeziandika kwa kalamu ya rangi kwenye kitovu, na pedi mpya nazizoesha kabla ya kuzitegemea: mahali pasipo na magari, napunguza mwendo kutoka kilomita 100 hadi 20 au 30, mara nane hadi kumi mfululizo, kwa nguvu inayoongezeka, bila kusimama kabisa hata mara moja, kisha natembea dakika kumi au zaidi bila kugusa breki ili zipoe. Kuna wakati harufu kali inapanda na pedali inalegea kidogo, halafu mshiko unarudi ukiwa mzito na laini. Ukishausikia hutaki kukimbia bila huo. Uwanjani mzunguko wa mwisho ni wa kupoza, na nikifika kwenye maegesho naweka gia na jiwe chini ya tairi. Breki ya mkono naiacha wazi, kwa sababu ingebana chuma chenye moto mahali pamoja.

Kuhusu diski zenyewe sina mengi. Zenye matundu zinapendeza, na nilikuwa nazo seti ya kwanza. Baada ya siku nne za uwanja nyufa zilikuwa zinatoka tundu moja kwenda jingine. Zenye mifereji zimedumu zaidi. Hozi zilizosukwa kwa chuma cha pua zinaongeza ugumu wa pedali kidogo, kidogo kuliko watu wanavyodai, mradi zipitishwe mahali ambapo hazisugui kitu usukani unapokatwa mwisho hadi mwisho.

Joto nililipima kwa rangi. Zinauzwa rangi tatu za kupaka kwenye ukingo wa diski: ya kijani hugeuka nyeupe diski ikifika nyuzijoto 430, ya chungwa hugeuka njano kwenye 560, nyekundu hugeuka nyeupe kwenye 610. Nilipaka mistari mitatu kila upande, nikakimbia mizunguko kumi, nikaja kusoma. Kulia, kijani ilikuwa imegeuka na nyingine zimebaki. Kushoto, zote tatu zilikuwa zimegeuka. Uwanja ule una kona nyingi za kulia, kwa hiyo gurudumu la kushoto la mbele ndilo lililokuwa likibeba mzigo, lakini tofauti ilikuwa kubwa mno kwa sababu hiyo pekee. Nilipochungulia nikaona bomba la hewa baridi la upande ule limechomoka na linapuliza kwenye uso wa diski badala ya kitovuni. Diski yenye nafasi ndani hufanya kazi kama feni. Huvuta hewa kutoka kitovuni na kuitupa nje kupitia njia zake, hivyo hewa inatakiwa ipelekwe kitovuni, na ikipulizwa usoni inapoza upande mmoja tu na kuiachia diski mvutano wa ndani. Nililirudisha bomba na kulifunga kwa chuma mahali pa kamba ya plastiki. Mara iliyofuata rangi nyekundu ilibaki nyekundu.

Mguu wangu wenyewe ulichelewa kubadilika kuliko vyuma vyote. Mkufunzi aliyekaa kando yangu mizunguko kumi hivi hakutaja diski hata mara moja. Aliniambia kwamba nakanyaga mapema na kwa upole, kisha naburuta breki hadi ndani ya kona kama mtu anayeshuka mlima, na kwamba kwa namna hiyo pedi haziachii diski kwa muda wa kutosha kupoa. Alitaka nikanyage kwa nguvu kubwa mara moja, gari likiwa limenyooka, halafu nilegeze polepole kadiri usukani unavyokatwa. Ilinichukua siku mbili kuuamini mguu wangu. Rangi ya kijani ya upande wa kulia ilibaki kijani siku ya pili, bila mimi kugusa chochote kwenye gari.

Sasa jioni kabla ya uwanja nina kazi zangu: napima unene wa pedi, natoa mafuta kidogo kila kalipa, nashika tairi juu na chini na kulitikisa kuona kama beringi ina mchezo, maana beringi iliyolegea husukuma pedi nyuma kwenye kona na pedali ya kwanza inayofuata huwa ndefu. Kisha napitisha ukucha juu ya diski, kutoka kitovuni kwenda ukingoni. Vijiufa vyembamba vya juu juu havinitishi. Mwezi uliopita, kwenye diski ya kushoto, ukucha ulikwama mahali pamoja. Nikawasha tochi, nikaufuata ufa hadi pale ulipoukata ukingo, nikaifungua diski usiku uleule na kuiweka kando ya mlango, na asubuhi sikwenda uwanjani.